Mlango wa Kabati wa Kukunja Unaokwama na Kuchomoka: Mwongozo Kamili wa Kubadili Vifaa na Kuurekebisha

Seti mpya imenunuliwa, imefungwa Jumamosi, na kabla wiki haijaisha mlango umechomoka tena. Malalamiko ni yale yale, iwe Iyumbu, Ilazo au Kisasa hapa Dodoma, na mara nyingi chanzo ni kimoja: kazi imeanzia juu. Mtu amebadili kigurudumu, amepaka grisi kwenye reli, amekaza kila skrubu iliyo usawa wa macho. Breketi ya chini, iliyojificha nyuma ya viatu na vumbi, hakuigusa.

Mlango wa kukunja hukalisha uzito wake wote chini, juu ya pini moja ya pembeni. Kigurudumu cha juu hakibebi kitu, kinaongoza tu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia sakafuni na kupanda, na mpangilio huo usiuruke hata kama tatizo unaliona juu.

Unahusu milango ya mashata mawili au manne (shata ni kila kipande cha mlango kinachokunjwa) inayokaa kwenye pini ya chini. Chungulia sakafuni kwenye kona ya fremu. Ukikuta kibati chenye meno, endelea kusoma. Ukikuta chini hakuna kitu na mlango wote unaning'inia juu, hiyo ni aina nyingine, ambayo magurudumu yake ndiyo yanayobeba, na vipimo vya hapa havitakufaa.

## Tukubaliane majina

Dukani kila muuzaji ana jina lake, hivyo humu tutatumia haya:

- Shata la pini: lile lililo karibu na fremu. Halitoki mahali pake, linazunguka tu.
- Shata la kigurudumu: lile linalotembea. Limeungwa na shata la pini kwa bawaba tatu.
- Pini ya chini: ina uzi wa kuzungusha, ndiyo inayopandisha na kushusha mlango.
- Pini ya juu: ina springi, inaingia kwenye breketi iliyo ndani ya reli.
- Breketi ya chini: kibati cha pembe chenye meno, kimefungwa kwenye fremu na sakafu.
- Breketi ya juu: imo ndani ya reli, inasogea ukilegeza skrubu yake moja.
- Vibano: vibati viwili nyuma ya milango ya mashata manne, vinavyofanya jozi mbili zikutane sawa katikati.

## Vifaa vya kuandaa

Kwa kila mashata mawili:

- Seti 1 yenye pini ya chini, pini ya juu, kigurudumu, breketi ya chini na breketi ya juu. Mlango wa mashata manne unahitaji seti 2 na vibano jozi 1.
- Bawaba 3, kama za zamani zimepinda au zinacheza.
- Bamba 1 la kukumbatia kona ya shata, kama tundu la pini limepasuka. Ukilikosa, fundi wa kuchomelea anaweza kukukunjia kutoka bati la milimita 1.5.
- Skrubu za mbao: milimita 16 kwa bawaba za shata jembamba, milimita 30 kwa reli na breketi zinazofungwa kwenye mbao.
- Fisha (plagi za plastiki za ukutani) za milimita 6 na skrubu za milimita 40, kama reli inafungwa kwenye lenta ya zege, yaani boriti iliyo juu ya uwazi wa mlango.
- Gundi ya mbao na gundi ya epoksi ya mirija miwili.

Zana: bisibisi ya nyota na bapa, spana ndogo, drili yenye biti za milimita 3, 6 na 10, nyundo na kipande cha mbao laini, tepu, penseli, pimamaji, msasa, na timazi. Uzi wenye nati nzito mwishoni ni timazi tosha. Sakafu ikiwa ya vigae, ongeza biti ya vigae. Ngazi ndogo unaihitaji, na mtu wa pili unamhitaji zaidi.

Kabla ya kununua, chomoa pini moja ya zamani uende nayo dukani. Unene unaoonekana sana ni inchi 3/8, yaani karibu milimita 9.5, lakini zipo nene zaidi. Pini nyembamba ndani ya tundu pana itacheza tangu siku ya kwanza. Beba pia kipimo cha upana wa ndani wa reli, maana kigurudumu kikubwa kitabana na kidogo kitagongagonga. Ukizunguka hadwea za Majengo ukakosa, wenye maduka huagiza kutoka Kariakoo. Wape picha ya pini ikiwa imelazwa kando ya rula, usiwape maelezo ya mdomo.

Soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Shata la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) la unene wa milimita 18, upana wa milimita 450 na urefu wa mita 2 lina kilo 12 hivi. Shata la mninga mtupu, unene wa milimita 35, upana wa inchi 18 na urefu wa futi 6 na inchi 8, linakaribia kilo 20. Pini ya chini inabeba mashata mawili, kwa hiyo zidisha mara mbili. Seti ya plastiki iliyotengenezwa kwa milango myepesi, yenye uwazi ndani, haiwezi kazi ya mninga. Tafuta ya chuma.

## Hatua ya 1: Soma ugonjwa mlango ukiwa bado mahali pake

Fungua na funga polepole, ukitazama kona nne. Kisha shika shata la kigurudumu kwa mikono miwili ulinyanyue kidogo.

Shata la kigurudumu likiwa limeshuka kuliko mwenzake huku shata la pini limesimama wima, ugonjwa uko kwenye bawaba. Seti mpya ya pini haitasaidia kitu. Kaza skrubu za bawaba, na matundu yake yakiwa yamechoka, yajaze njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kupakwa gundi ya mbao. Subiri zikauke, kisha rudisha skrubu.

Mashata yakiwa yameinama yote mawili kwa pamoja, angalia pini ya chini na breketi yake.

Mlango ukikwaruza sakafu, ama pini ya chini imezama ndani ya mbao, ama sakafu imepanda. Hili la pili halina uchawi: nyumba ilijengwa na sakafu ya saruji, baadaye zikawekwa vigae, na milango haikukatwa.

Mlango ukichomoka juu, usikimbilie kulaumu springi. Mara nyingi mlango umeshuka chini kiasi kwamba pini ya juu imebaki imeshika kwa ncha tu.

Chukua bisibisi bapa, dunga fremu kuzunguka skrubu za breketi. Ikiingia kama kwenye keki, mchwa wameshapita. Acha kila kitu, shughulikia mchwa na ubadili kipande hicho cha fremu kwanza. Breketi mpya kwenye mbao iliyoliwa ni pesa iliyotupwa.

Umefaulu kama: unaweza kusema kwa sentensi moja ni kitu gani kimelegea. Bado hujui? Usifungue skrubu yoyote.

## Hatua ya 2: Shusha mlango bila kuumia

Toa nguo na viatu. Chora kwa penseli mahali breketi zote mbili zilipo sasa, hata kama si pazuri, ili uwe na pa kurejea. Andika namba nyuma ya kila shata. Mashata manne yanafanana mpaka yachanganyike.

Kunja mlango. Mmoja wenu ashike mashata yote mawili yakiwa yamebanana, anyanyue juu moja kwa moja mpaka pini ya chini itoke kwenye meno ya breketi, kisha avute sehemu ya chini kuelekea chumbani. Pini ya juu na kigurudumu vitateremka vyenyewe kutoka kwenye reli. Vikigoma, viminye kwa bisibisi bapa, springi zitaingia ndani.

Hadhari: usiweke vidole katikati ya mashata kwenye mstari wa bawaba. Mlango uliotoka kwenye reli hujifungua wenyewe kwa uzito wake na hujifunga ghafla. Watoto wakae chumba kingine mpaka kazi iishe.

Laza mlango juu ya godoro au viti viwili vyenye kitambaa.

## Hatua ya 3: Reli

Reli haina mambo mengi. Ifute vumbi kwa brashi ya rangi iliyo kavu, kisha kwa kitambaa chenye sabuni kidogo. Kama iliwahi kupakwa grisi, ikwangue yote. Kwa vumbi la Dodoma, hasa miezi ya upepo kati ya Juni na Oktoba, grisi hugeuka tope jeusi lenye mchanga ndani yake, na mchanga huo hula plastiki ya kigurudumu.

Pitisha kidole kwenye kingo. Palipopinda, panyooshe kwa koleo ukiwa umefunga kitambaa. Angalia vichwa vya skrubu za reli: kila kichwa kizame ndani au kilingane na bati. Kichwa kimoja kilichojitokeza kinatosha kukwamisha kigurudumu mahali pale pale kila siku, na watu hubadili vigurudumu vitatu kabla ya kukiona.

Reli ikiwa imelegea kutoka kwenye lenta, usizibe tundu la zamani kwa gazeti. Toboa tundu jipya la milimita 6, kina cha milimita 45, sentimita 3 au zaidi kutoka kwenye la zamani. Pigilia fisha, kaza skrubu ya milimita 40. Weka skrubu moja ndani ya sentimita 10 kutoka mwisho wa reli upande wa pini, kwa sababu hapo ndipo breketi ya juu inapovuta.

Umefaulu kama: kigurudumu ukikisukuma kwa mkono, bila mlango, kinakwenda mwanzo hadi mwisho bila kusita.

## Hatua ya 4: Matundu ya pini

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, kwa hiyo usiharakishe.

Seti nyingi zimetengenezwa kwa shata la unene wa milimita 35. Kabati nyingi za hapa, hata hivyo, zimetengenezwa kwa MDF ya milimita 18. Toboa tundu la milimita 10 katikati ya ubao wa milimita 18, unabaki na milimita 4 kila upande. Siku ya kwanza inashika. Mlango ukivutwa mara chache, MDF inapasuka kwa tabaka, na hakuna gundi itakayoufanya ukuta wa milimita 4 ubebe kilo 24.

Maji huongeza ubaya. Chumba kinadekiwa, ukingo wa chini wa shata unanyonya, MDF inavimba na kuwa laini. Ukiona ukingo wa chini umetuna kama maandazi, kata sehemu iliyotuna, hata ikiwa ni sentimita 2, kisha utafidia urefu kwa pini ya chini au kwa kuinua breketi juu ya kipande cha mbao.

Chagua tiba kwa kuangalia hali ya tundu:

Tundu limelegea kidogo, mbao haijapasuka. Safisha vumbi, paka epoksi ndani ya tundu, ingiza ganda la plastiki la pini, futa iliyomwagika. Pini yenye uzi itoe kwanza au ipake mafuta ya kula kwenye uzi. Epoksi ikiingia kwenye uzi, mlango hautapanda wala kushuka tena. Acha usiku mzima.

Shata la milimita 35 lenye kona iliyochanika. Kata kona iliyoharibika, milimita 60 kwa urefu na milimita 50 kwa upana, kwa msumeno na patasi. Chonga kipande cha mbao ngumu kinachoingia humo kwa kubana, mninga au mkongo, kipake gundi ya mbao pande zote, kikaze kwa klempu au kamba ya mpira saa 24. Kisha toboa upya. Paini haifai hapa, ni laini mno kwa pini.

Shata la milimita 18, limepasuka au bado. Usitoboe katikati ya unene. Una njia mbili. Ya kwanza ni bamba la kukumbatia kona: lina umbo la U, linashika uso wa mbele na wa nyuma wa shata, na pini imo kwenye bamba lenyewe. Lifunge kwa skrubu nne zenye urefu usiozidi milimita 16, la sivyo ncha zitatokea upande wa pili. Ya pili ni kuongeza unene: gundisha nyuma ya shata ubao wa mbao ngumu wa milimita 18, upana milimita 60, urefu milimita 200, na ukaze kwa skrubu sita. Hapo unapata milimita 36 na pini inakaa kama ilivyokusudiwa. Tunaipendelea hii ya pili kwa milango inayotumika kila siku. Haionekani ukiwa nje ya kabati, na inaweza kurudiwa.

Ukiongeza ubao kwenye kona ya chini, ongeza na kwenye kona ya juu ya shata hilo hilo na kwenye kona ya kigurudumu. Vinginevyo pini ya juu na ya chini hazitakuwa kwenye mstari mmoja, na mlango utakuwa unajifungua wenyewe.

Unapotoboa, funga utepe kwenye biti kuonyesha kina kinachohitajika na ushike drili wima. Tundu likiinama digrii chache, kosa huonekana dogo hapo, ila kwenye ncha ya pini tofauti ni milimita kadhaa.

Kabla ya kuweka pini, paka ukingo wote wa chini wa shata vanishi au rangi ya mafuta, mara mbili. Hii ndiyo kinga yako dhidi ya deki.

Umefaulu kama: pini inaingia kwa kugongwa polepole juu ya kipande cha mbao, na ukiitikisa kwa vidole haichezi. Ikiingia kwa kidole tu, tundu ni pana, rudia.

## Hatua ya 5: Breketi ya chini

Breketi hii imefanywa ifungwe mara mbili: kwenye fremu na sakafuni. Wengi huifunga kwenye fremu tu, kwa kuogopa kutoboa kigae. Kila mlango unapofunguliwa, shata linasukuma breketi pembeni, na skrubu za fremu peke yake hulegea.

Hofu ya kigae ina msingi, lakini inatibika. Bandika utepe wa karatasi mahali pa kutoboa, tumia biti ya vigae, zima mtindo wa kugonga wa drili, anza kwa mwendo mdogo na udondoshee maji kidogo kidogo. Ukishavuka kigae ndipo ubadili uweke biti ya zege. Usitoboe karibu na ukingo wa kigae kwa chini ya sentimita 2.

Kuna kabati za ukutani zisizo na fremu ya mbao kabisa, plasta tupu hadi kona. Breketi kwenye plasta haikai. Funga kwanza ubao wa inchi 1 kwa 4 ukutani, kutoka sakafuni hadi kwenye lenta, kwa fisha za milimita 8 zilizoingia kwenye tofali lenyewe na si plasta pekee, moja kila sentimita 40. Kumbuka upana wa uwazi utapungua kwa unene wa ubao huo, pima tena kabla ya kuendelea.

Mahali pa breketi hupatikana kwa timazi. Weka breketi ya juu ndani ya reli, umbali sawa na uliokuwepo, na ning'iniza uzi kutoka katikati ya tundu lake. Nati inapoelekeza sakafuni ndipo katikati ya breketi ya chini, mbele-nyuma na kulia-kushoto. Usipime kutoka kwenye fremu. Fremu nyingi hazisimami wima, na ukiifuata fremu iliyoinama, mlango utainama nayo na kujiendea wenyewe.

Umefaulu kama: ukikanyaga breketi na kuisukuma kwa kidole gumba cha mguu haitikisiki, na uzi wa timazi unaangukia kati ya meno.

## Hatua ya 6: Pini, kigurudumu, kitasa

Pini zenye springi, yaani ya juu na kigurudumu, ziminye kwa kidole mara kadhaa. Zirudi kwa nguvu. Kigurudumu kinakaa kona ya juu ya shata la kigurudumu, ukingo ulio mbali na bawaba. Pini ya chini izungushe mpaka iwe katikati ya uwezo wake, ili ubaki na nafasi ya kupandisha na kushusha.

Bawaba tatu: moja sentimita 15 hadi 18 kutoka juu, moja umbali huo huo kutoka chini, ya tatu katikati.

Na kitasa. Wengi hukiweka kwenye ukingo wa mwisho wa shata la kigurudumu, kwa mazoea ya milango ya kawaida. Ukivuta pale, mlango haukunjiki, unajipinda, na nguvu yote inaishia kwenye kigurudumu. Kiweke kwenye shata la kigurudumu kati ya katikati yake na bawaba. Kisiwe juu ya mstari wa bawaba wenyewe, patakuwa mtego wa vidole.

## Hatua ya 7: Kurudisha mlango

Kunja mashata. Elekeza sehemu ya juu kwenye reli: pini ya juu iingie kwenye breketi ya juu, kigurudumu kiingie kwenye reli. Nyanyua ukibana springi, sogeza sehemu ya chini mpaka pini ya chini iwe juu ya breketi, kisha iteremshe kwenye meno.

Hesabu muhimu iko hapa. Mlango ukishakaa, kati ya ukingo wa juu wa shata na reli pabaki milimita 6 hadi 10, na pini ya juu iwe imeingia kwenye breketi yake milimita 6 au zaidi. Nafasi ikizidi sana, pini inashika kwa ncha na mlango utachomoka. Ikiwa ndogo mno, springi imeminywa hadi mwisho, pini inasukuma reli juu na kigurudumu kinalia. Chini acha milimita 10 au zaidi: mchanga unaoingia na upepo unahitaji pa kupita, na fagio pia.

## Hatua ya 8: Kurekebisha, kwa mpangilio huu

Kwanza urefu. Nyanyua mlango kidogo ili uzito utoke kwenye pini, ndipo uzungushe uzi wake kwa spana. Kuzungusha huku uzito umekaa huchakaza uzi. Mzunguko mmoja hupandisha au kushusha kati ya milimita moja na mbili, kwa hiyo nenda nusu nusu. Angalau nusu ya uzi ibaki ndani ya shata. Ukihitaji zaidi ya hapo, weka kipande cha mbao chini ya breketi.

Pili, chini kushoto-kulia. Nyanyua mpaka pini itoke kwenye meno, isogeze jino moja, teremsha. Nafasi kati ya shata la pini na fremu iwe milimita 3 hadi 5.

Tatu, juu kushoto-kulia. Legeza skrubu ya breketi ya juu, usiitoe. Nafasi ikiwa pana juu kuliko chini, sogeza breketi kuelekea fremu. Ikiwa nyembamba juu, iondoe kwenye fremu. Kaza. Kwa milango ya mashata manne inayogusana juu katikati huku chini pana uwazi, sogeza breketi zote mbili za juu kuelekea fremu zake, kiasi sawa. Ukisogeza upande mmoja tu, katikati patahama.

Nne, vibano. Vifunge mwisho kabisa, milango ikiwa imefungwa, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Kazi yao ni kuunganisha milango iliyokwisha kaa sawa. Mlango uliopinda hauwezi kunyooshwa na vibano, utavivunja.

Fremu ikiwa imeinama zaidi ya milimita 5 juu hadi chini, achana na ndoto ya nafasi iliyolingana. Simamisha mashata kwa timazi, kisha ziba uwazi kwa ubao mwembamba wa pembeni.

Angalia pia kalenda. Mashata ya mbao halisi husinyaa wakati wa kiangazi na kutanuka mvua zinapoingia, Desemba hadi Aprili. Ukirekebisha Agosti, acha milimita 5 badala ya 3. La sivyo Februari mlango huo huo utakuwa umebana, na kuna mtu atakayechukua randa kuukata, halafu Agosti inayofuata uwazi utapitisha kidole. MDF haitanuki sana kwa upana, tatizo lake ni maji ya chini.

Umefaulu kama: mlango unafunguka kwa vidole viwili, ukiuacha nusu wazi unabaki hapo hapo, na mstari wa juu wa mashata uko sambamba na reli.

## Kulainisha

Silikoni ya kupuliza ambayo hukauka, au mshumaa uliosuguliwa ndani ya reli. Basi. Oili ya gari, mafuta ya cherehani na grisi huvuta vumbi. Pini ya chini haihitaji chochote zaidi ya kufagiliwa.

## Yanayojirudia baada ya wiki

Unachomoka juu ukifunguliwa kwa nguvu. Pima tena ile nafasi ya milimita 6 hadi 10. Ikiwa sawa, springi ya pini ya juu ndiyo dhaifu, badili pini hiyo peke yake.

Unashuka polepole siku hadi siku. Pini inajizungusha ndani ya tundu au inazama. Ikijizungusha, tia nati ya pili kama seti yako inayo na uikaze dhidi ya shata. Ikizama, tundu limechoka, rudi Hatua ya 4.

Pini ya chini inaruka meno. Meno ya plastiki yameliwa. Nunua breketi ya chuma.

Unajifungua wenyewe. Pini mbili hazipo kwenye timazi moja, mara nyingi mbele-nyuma. Legeza breketi ya chini, ning'iniza uzi upya.

Unakwama sehemu moja ya reli. Tafuta kichwa cha skrubu, au reli iliyobonyea kwa sababu ukuta wa juu haujanyooka na skrubu ya katikati imekazwa mno. Ilegeze robo mzunguko.

Kama shata la MDF limevimba chini, limepasuka juu na bawaba hazina pa kushika, usilitengeneze mara ya tatu. Mpe seremala vipimo akukatie jipya la unene wa milimita 35, fremu ya mbao na uso wa plaiwudi. Vifaa ulivyonunua vyote vitahamia humo, na fundi mzuri atapaka vanishi ukingo wa chini kabla hujamwambia.